Kura Niliyoiacha Wellebeke

Mama alikuwa anageuza anjera, ile mikate ya maji, pale ujumbe wa sauti ulipoingia kwenye simu yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kibao jikoni kwake hapa Kismayu, kikombe cha chai mkononi, dereva mzima wa basi la Antwerpen mwenye mvi za kutosha, aliyechukua likizo kuja kudekezwa na mama yake. Nikaitia simu sikioni nikidhani ni mtu wa kazini, anataka nimbadilishie zamu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa sauti ya mwanamke nisiyemjua, anazungumza Kiholanzi cha vijijini, kile cha kumeza nusu ya maneno, na kabla hajataja jina nilishajua lafudhi ile inatoka wapi. Alisema anaitwa Katrien, mpwa wa Liesbet wa kantini ya Wellebeke. Shangazi yake amefariki jana hospitalini, usingizini. Namba yangu ameisaka kwa watu wengi mpaka akaipata. Ibada ya mazishi ni Jumamosi. Hanilazimishi kitu, ila ameona nijue. Basi, ujumbe ukaisha. Nikausikiliza tena, na chai ikanishinda. Mama akaniuliza, bila kugeuka, "Kuna nini?" Nikamjibu kwa lahaja ya kwetu, "Hakuna, mama. Mchu wa kazini tu." Nimevuka hamsini, nina wajukuu, na bado namwongopea mama jikoni kwake.

Wellebeke ni kijiji cha Ubelgiji ambacho ukiwatajia Wabelgiji wenyewe, wengi watakuuliza kiko upande gani. Kina kanisa, duka la mikate, kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani, na siku zile kilikuwa na uwanja wa mpira. Nilikaa huko mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini, katika shule ya zamani ya watawa iliyofanywa kituo cha sisi tuliokuwa tunangoja karatasi za ukimbizi. Uzio wa kituo ulipakana na uwanja. Alasiri moja mpira ukavuka uzio ukaja kutulia mbele yangu, nami niko pekupeku naanika nguo, nikaurudisha kwa teke moja ukaenda kutua miguuni mwa aliyeupoteza. Sikuwa najionyesha. Kisiwani kwetu Chula tulicheza mchangani maji yakishapwa, na mechi haikuisha kwa filimbi, iliisha bahari ikirudi ikatufika magotini. Mtu aliyejifunza mpira namna hiyo, ukimweka kwenye nyasi ni raha tupu. Lakini upande wa pili wa uzio alikuwa amesimama mzee mmoja mrefu mwenye koti la mvua, akaniita kwa kidole. Huyo alikuwa Roland, mwenyekiti wa klabu. Klabu yenyewe ilikuwa ligi ya mkoa, daraja la nne, yaani chini yake hakuna daraja tena, kuna kukaa nyumbani. Wiki iliyofuata nikawa winga wa kushoto.

Wenzangu wote walimwita Roland kavu kavu, hata vitoto vya kuokota mipira. Mimi nilishindwa. Mtu wa umri wa baba yangu nimwite jina lake hivi hivi, namwita mbuzi? Nikamwita Mzee Roland, na yule mwanamke wa kantini nikamwita Mama Liesbet. Walicheka sana mwanzoni, wakaniuliza mzee maana yake nini na mama maana yake nini, kisha wakazoea, na kabla ya msimu kuisha nusu ya kikosi, watu wazungu wenye ndevu, ilikuwa inapiga kelele "Mama Liesbet, supu!" Naandika haya na nacheka peke yangu. Halafu nakumbuka nimepewa habari gani leo asubuhi, na kicheko kinanikauka.

Kantini ilikuwa chumba kirefu chenye dari fupi chini ya jukwaa la watazamaji. Ukiingia unapokewa na harufu ya soksi mbichi, bia na vitunguu. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, sijui hata kama kuvuta pumzi mle ni halali. Mama Liesbet alikuwa mfupi, mnene, hakuolewa maisha yake yote, na mikono yake ilikuwa myekundu muda wote kwa maji ya moto. Alinitazama tu, akaelewa kuliko nilivyotaka aelewe. Jumapili iliyofuata nikakuta amenunua kikaango kipya, amefunga uzi mwekundu kwenye mpini wake ili mtu asije akakitia nyama ya nguruwe. Akakitangazia chumba kizima, "Hiki ni cha Athmani, na atakayekigusa nitampiga nacho." Humo akanikaangia samaki kila mechi ikiisha, samaki wa barafu asiye na ndimu wala pilipili, na mimi nilikula nikaramba vidole. Jumapili hizo hizo mama yangu alikuwa kambi ya wakimbizi Mombasa, amepanga foleni ya unga. Nililijua hilo kila nilipomeza. Nikameza vilevile, nikaongezwa, nikala tena. Ule ndio mwaka nilionenepa, na sijawahi kumwambia mama hivyo kwa mdomo wangu.

Historia ya klabu ile niliipatia mezani nyuma ya kaunta, nikimsaidia Mama Liesbet kumenya viazi. Alikuwa hasimulii, alikuwa anakumbuka kwa sauti, na kisu hakisimami. Klabu iliundwa na vijana wa kiwanda cha matofali baada ya vita vya kwanza vya dunia, na baba yake alikuwa mmojawao. Padri aliwapiga marufuku kwa sababu walicheza Jumapili, nao wakacheza Jumapili hiyo hiyo, nyuma ya kanisa. Uwanja ulikuwa malisho ya mkulima; asubuhi ya mechi ng'ombe hutolewa na wachezaji huzoa mavi kwa makoleo ya kiwandani kabla ya kupiga chaki. Jezi za kwanza wanawake walizishona kwa magunia ya unga, wakazitia rangi ya manjano, na siku ya mechi ikanyesha mvua, rangi ikachuruzika, timu zote mbili zikatoka uwanjani manjano. Wakati wa vita vya pili mbao za jukwaa ziliishia kuwa kuni. Baba yake akalijenga upya kwa matofali yaliyopinda, yale kiwanda kilichoyakataa, ndiyo maana ukuta wa kantini ulikuwa umetoka tumbo. Mara moja tu klabu ilipanda hadi ligi ya taifa. Ikakaa msimu mmoja, ikafungwa karibu kila wiki, ikashuka, haikupanda tena. Na msimu huo mmoja wa kufungwa ulikuwa na picha nyingi ukutani kuliko miaka mingine yote! Nikamuuliza kwa nini wanaringia kipigo. Akasema, "Waliotufunga walilazimika kuja hapa kutufunga. Walikunywa supu ya mama yangu." Akaona hilo ni jibu tosha.

Halafu kulikuwa na namba. Hili lazima nilieleze, maana ndilo lililoharibu kila kitu. Kule Ubelgiji klabu ikiandikishwa hupewa namba yake ya usajili, kwa zamu, wa kwanza kufika ndiye mwenye namba ndogo. Namba haiuzwi, haiazimwi, na klabu ikifa haipewi mwingine, inakufa nayo. Mtu wa mpira akitaka kujua klabu yako ni ya ukoo au imezuka juzi, hakuulizi vikombe, anauliza namba. Ya Wellebeke ilikuwa ndogo, ndogo kuliko ya klabu nyingine zinazojaza viwanja mijini, na Mama Liesbet alikuwa ameitarizi kwenye taulo za kufutia glasi. Klabu mbili zikiungana, inabaki namba moja. Nyingine inafutwa, na kwa kitabu cha chama cha mpira ni sawa na kwamba pale hapakuwahi kuchezwa. Aliponieleza hivyo aliniuliza, "Kisiwani kwenu wamebaki wangapi?" Nikasema tangu vita vitufukuze wamebaki wachache, wazee wawili watatu na paka. "Lakini jina lipo?" Nikasema jina lipo. "Basi," akasema, akachukua kiazi kingine.

Mvua za baridi zilipoanza tulikuwa hatutimii. Kipa wetu alioa akahamia mjini, beki mmoja goti likamfia, Jumapili nyingine tulianza mechi tuko tisa. Jirani zetu wa Hovendam walikuwa na viwanja vitatu vyenye taa, watoto tele, na walikuwa daraja la juu yetu. Wakasema: tuungane. Kwa kuwa nafasi kwenye ligi inafuata namba, itabaki namba ya Hovendam. Wellebeke ifutwe. Mzee Roland alikuwa anataka. Na nisije nikamfanya mtu mbaya hapa. Alikuwa mzee aliyechoka. Mvua ikinyesha yeye ndiye aliyepanda juu ya paa la jukwaa kuziba matundu, na umri ule. Mimi alinipa baiskeli. Alinipeleka kwa gari lake mpaka mji mkuu nilipoitwa kuhojiwa juu ya karatasi zangu, akaningoja nje tangu asubuhi, na nilipotoka ninatetemeka hakuniuliza kitu, alinivalisha koti lake. Jumatano nilikuwa nakula kwake. Mkewe alipika makaroni na jibini, tunakula watatu, redio inaongea. Jumatano moja nilikuwa naosha vyombo, nikamsikia sebuleni akimwambia mkewe, "Nikifa mimi, nani atapanda lile paa? Liesbet? Watoto wa kijiji hiki wanataka mahali pa kucheza, hawataki namba." Mkewe akamjibu, "Mwambie mwenyewe." Akasema, "Siwezi. Nilimjua babake." Nilisimama na sahani mkononi, maji yanamwagika, nikatamani nisingalijua lugha yao.

Kufuta klabu kulihitaji theluthi mbili ya wanachama watakaokuwa chumbani kura ikipigwa. Wachezaji watu wazima nao walikuwa wanachama, mimi nikiwemo. Mama Liesbet mwenyewe ndiye aliyeniandikisha, pale pale kwenye kaunta. Hakuniomba kura, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Angeniomba ningejua la kufanya, ningemwambia ndiyo au ningemwambia siwezi. Siku mbili tatu kabla ya mkutano alikuwa anakausha glasi, akaniuliza tu, "Utakuwepo, sivyo?" Nikasema, "Nitakuwepo, Mama Liesbet." Na Mzee Roland naye, akinirudisha kituoni kwa gari, akasema, "Utakuwepo Jumapili?" Nikasema, "Nitakuwepo, Mzee." Wote wawili nimekula kwao. Nikashindwa kulala, nikashindwa kula, nikaamua kumpigia mama.

Kumpigia mama siku zile ilikuwa kazi. Karibu na kambi palikuwa na duka la Mswahili mmoja lenye simu. Unapiga, unaomba mama wa Athmani aitwe, unakata, unapiga tena akishafika. Alikuja anahema. Sikumwambia habari ya kura wala namba wala kikaango. Ningemwambiaje mama aliye kwenye foleni ya unga kwamba shida yangu ni timu ya mpira ya Wazungu? Nilimwambia hivi: "Mama, kuna wazee wawili hapa, mwanamume na mwanamke ambaye..." Nikajikata kabla sijafika kwenye chakula, nikasema wazee wawili tu. "Wote wamenitendea wema. Wamekosana, na wote wanataka nisimame upande wao. Nifanyeje?" Hakufikiri hata kidogo. "Wee mwana, umesahau kwenu? Wachu wazima wakigombana kijana hasimami katikati kuwatazama midomo. Toka nje. Ukae nje mpaka wamalize." "Hata wakiniuliza?" "Wakikuuliza, kwani wewe ni nani? Toka nje, baba." Kisha akaniuliza kama nakula. Nikasema nakula kidogo. Mwenye duka akasema kuna watu wanangoja simu.

Mkutano ulikuwa Jumapili mchana, mechi ya mwisho ya msimu ikiwa imeisha, tumefungwa, hata kuoga hatujaoga sawasawa. Viti vilipangwa kantini, wanachama wamejaa, wengine hata sikuwahi kuwaona uwanjani. Mzee Roland alisimama akaeleza paa, watoto, taa za Hovendam. Alieleza vizuri, watu wakatikisa vichwa kukubali. Ndipo Mama Liesbet akatoka nyuma ya kaunta. Sikuwahi kumwona upande huu wa kaunta, wallahi, nikagundua anachechemea. Alisema maneno machache, kwamba klabu imewahi kuwa na watu saba na haikufa, kwamba ngojeni mwaka mmoja, mwaka mmoja tu, vijana wa kituo wapo wanacheza, akanyoosha mkono kunionyesha mimi. Watu wakageuka kunitazama. Mzee Roland akasema, "Huyo wiki ijayo wanaweza kumhamisha, Liesbet, usijidanganye." Mama Liesbet akamwambia yeye ndiye anayejidanganya, anataka kukumbukwa kuwa mwenyekiti wa klabu kubwa. Mzee Roland akamwambia, "Baba yako amekufa! Unataka kutuzika sote naye?" Uso wa Mama Liesbet ukawa mwekundu, ukawa mweupe, akaanza kulia mbele za watu, na Mzee Roland naye sauti ikamkatika. Wazee wangu wawili. Mimi nikafanya nililofundishwa tangu naota meno. Nikainuka, nikapenya katikati ya viti. Nikamsikia Mama Liesbet anasema, "Athmani?" Nikageuka, nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa, heshima kabisa, heshima ya kwetu. Nikatoka nikafunga mlango taratibu nisiwasumbue.

Nikasimama nyuma ya goli nikiwa na amani, nasema kweli, niliona nimefanya jambo la kiungwana. Nikasikia viti vinasogezwa. Halafu mlango ukafunguka na kapteni wetu, Dirk, fundi wa mabomba, akatoka anawasha sigara, akaniona. "Ulikwenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia walikuwa wanagombana. Akanitazama akitafuta kama namtania. "Imepita," akasema. "Imepita kwa mtu mmoja, Athmani. Ungekaa kwenye kiti na kunyoosha mkono, isingepita. Umemwacha peke yake." Akavuta sigara yake. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. Kupitia dirishani niliona watu wanavaa makoti, na nyuma ya kaunta Mama Liesbet anaosha glasi amenipa mgongo. Mlango ulikuwa wazi, hatua chache tu. Nikashindwa. Nilikosa pa kuuweka uso. Nikaruka uzio, mimi mwanachama, nikarudi kituoni kwa njia ya mwizi.

Maneno ya Mzee Roland yakawa kweli, haikupita muda wakanihamishia Antwerpen. Siku ya kuondoka gari dogo la kituo lilipita mbele ya uwanja. Mama Liesbet alikuwa mlangoni kwa kantini, amefumbata mikono, anatazama barabarani. Dereva, kijana mwema, akapunguza mwendo akaniuliza, "Kuna mtu wa kuaga?" Nikasema hakuna. Nikajiinamia najifanya nafunga kamba za viatu. Sijui kama aliniona. Bora aliniona nimeinama, au bora hakuniona kabisa? Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza swali hilo la kipumbavu wakati nasubiri taa zigeuke kijani.

Kutoka Antwerpen hadi Wellebeke ni safari ya treni ambayo mtu hamalizi gazeti. Sikwenda. Nilipata karatasi, nikaoa, nikapata watoto, nikapewa basi, sikwenda. Mzee Roland alifariki, nikasikia kwa Dirk niliyekutana naye sokoni, sikwenda. Mara moja nilipeleka basi la watalii upande ule nikapita pale uwanjani. Wamejenga nyumba za ghorofa, na kwenye varanda moja mtoto alikuwa anapiga mpira ukutani peke yake. Sikushuka. Mke wangu husema, "Wengine walinyoosha mikono kuifuta, wewe hukunyoosha chochote, kwa nini usononeke wewe?" Ni kweli, kwa hesabu. Lakini wale waliopiga kura walikuwa wanajua wanachofanya na hawakuwa na kikaango chao mle ndani. Mimi niliyefukuzwa kwetu, niliyeona kijiji kizima kinabaki na paka, ndiye niliyetoka nje wakati kijiji cha mwenzangu kinafutwa kitabuni. Na nilitoka nikijiona muungwana. Hapo ndipo roho inaponisuta. Mama sikumwambia kwa sababu moja tu: yeye ndiye aliyenituma nje. Niliapa asijue kamwe shauri lake lilimfanyia nini mwanamke aliyemlisha mwanawe.

Lakini leo nilikuwa nimekaa jikoni kwake, na chozi halikuniomba ruhusa. Mama akanigeukia, mwiko mkononi. "Huyo mchu wa kazini," akasema, "alikuwa mwema sana?" Basi nikashindwa. Nikamwambia yote, nikaanzia mpira uliovuka uzio. Kikaango nikamwambia. Kunenepa nikamwambia, na macho nikayatupa kwenye mlango. Namba ilinichukua muda kumweleza, kisha akasema, "Haye, nimefahamu, ni nasaba yao." Nilipofika kwenye simu ya dukani nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Ukaniambia nitoke nje." Nikangoja aumie. Hakuumia. Alikuwa amekunja uso, anatafuta kitu.

"Nalikwambia utoke, kweli," akasema. "Ukatoka. Haye. Halafu ukarudi na nini?"

"Vipi, nikarudi na nini?"

"Mkononi! Maji? Kahawa? Babako na mjomba wako walipogombana juu ya ile mashua, nyie wana nikawatoa nje. Walipokwisha kutukanana nikakupa wewe sinia la kahawa, ukaingia nalo, ukawapa mkono mmoja mmoja, ukakaa chini baina yao. Hukuwa mchanga, wakumbuka."

Nilikumbuka. Mtume! Miaka yote hii sikuikumbuka siku hiyo, ila leo. Sinia lilikuwa zito, na mjomba alinisogezea nafasi kwenye mkeka.

"Kutoka ni kuwapa nafasi ya kuropoka," mama akasema. "Adabu ni kule kurudi. Sasa wewe ulirudi lini?"

"Sikurudi, mama."

"Hata kesho yake?"

"Hata kesho yake. Hata mwakani."

Mama alikaa kwenye kibao cha pili, polepole, magoti yake si mazuri. Anjera ikawa inaungua, hakuna aliyeigusa. "Mwanamke amenilishia mwanangu mwaka mzima," akasema, na sasa ndipo nilipoona imemwuma, mahali nisipopategemea kabisa. "Mwanangu akatoka kwake, asirudi, hata salamu. Atakuwa amesema nini juu yangu mimi? Atakuwa amesema yule kijana hana mama."

Nilitaka kusema hapana, hakuwa mtu wa kusema hivyo. Lakini nitajuaje? Sikuwepo. Nikabaki nimeinamisha kichwa, na safari hii sikuwa na heshima yoyote ya kuonyesha.

"Wamemzika?" mama akauliza.

"Bado. Jumamosi."

"Jumamosi!" Akashika kifua. "Amekufa jana, mnamweka mpaka Jumamosi? Maiti wa mchu?"

"Ndiyo desturi yao, mama. Wanangoja wachu wa mbali wafike."

Mama akaegemea ukuta akasimama, akazima jiko. "Basi wanakungoja wewe," akasema. "Inuka."